Nina Kaburi Kamukuywa, na Bado Napumua

Nina kaburi Kamukuywa.

Si la nyanya yangu wala la shangazi. Ni langu mimi mwenyewe. Limepandwa maua, na kuna mama mmoja hulifagia.

Na jana tu nimekula soseji mbili za mutura hapa mjini Kitale, nikaongeza supu.

Kaa vizuri nikusimulie. Hii si stori ya majini. Ni stori yangu, ya babangu, na ya jeneza la kukodisha kutoka Bungoma.

Naitwa Wakonyo. Nimezaliwa Kitale, mtaa wa Tuwan, kwa Mzee Hiram Mbogo, mkulima wa mahindi na mzee wa kanisa. Kama umewahi kulelewa na mzee wa kanisa, hutaki nikueleze zaidi. Kwetu redio ilikuwa inazimwa wimbo ukianza kuchangamka.

Mimi nikatokea mrefu. Kwa picha za shule mwalimu alikuwa ananiweka nyuma kabisa, na bado kichwa kinakatika.

Nilipomaliza kidato cha nne, baba akanituma mjini kupanga foleni ya mbolea. Mwenye duka akaniangalia, akaangalia wateja wengine, akaniangalia tena.

"Msichana, ushawahi kupigwa picha ya kalenda?"

Nikamwambia mimi hata ya kitambulisho sijapigwa.

Basi wakanipeleka shambani, wakanivalisha gambuti, wakanipa hindi mkononi na gauni moja ambayo ilikuwa na haraka ya kuisha. Nikacheka. Wakapiga.

Ile kalenda ilitembea bana! Kitale, Kiminini, Webuye, mpaka Bungoma mjini. Kila duka la mbegu, niko ukutani nimeshika hindi. Kabla mwaka haujaisha nikaitwa tangazo la mafuta ya nywele. Halafu maonyesho ya mavazi kwa mahoteli ya Eldoret. Halafu Nairobi. Nikawa modo wa kweli, wa kulipwa na kubebewa mkoba.

Shida ni kwamba kalenda haichagui ukuta.

Jumamosi moja baba alienda kwa buchari lake la siku zote. Kuinua macho, hivi, ananiona nimening'inia kando ya paja la ng'ombe. Na wazee wenzake wote wa kanisa wako hapo wanangoja nyama ichomeke.

Mwenye buchari, kwa roho safi kabisa, akamwambia, "Mzee, si huyu ni Wakonyo wako? Eh, amependeza!"

Baba hakula hiyo nyama. Alirudi nyumbani, akavua koti, na akaongea na mama kama mimi siko kwa chumba.

"Mwambie mtoto yako, siku atapata ile nusu ingine ya nguo, ndio tutaongea."

Nilidhani ni hasira ya wiki moja. Ikapita miaka.

Nikija nyumbani, mlango ukifunguka tu, baba anakumbuka ng'ombe. Anachukua ndoo, anatoka nyuma. Nikikaa saa nzima, anakamua saa nzima. Nikilala, sijui alikuwa anawaambia nini hao ng'ombe. Walikuwa wakiniona wananinunia.

Usinione nikicheka sasa. Iliniuma sana. Watu walikuwa wananiangalia kwa mabango na kwa magazeti, na mtu mmoja niliyetaka aniangalie alikuwa amenipa mgongo. Nilikuwa tayari kutoa chochote ili baba aniambie hata "umefika?" Neno moja tu.

Ndipo Gicheru akaja.

Gicheru alikuwa anapiga video za harusi hapa Kitale. Watu wakapunguza kuoana, akaamua kutengeneza filamu. Ilikuwa ile miaka ya VCD, filamu zinauzwa kando ya barabara pamoja na soksi. Alikuwa ashanitumia kwa mbili. Ya kwanza nilikuwa mpenzi wa mwizi. Ya pili nilimharibia pasta huduma. Hizo zote mama alizificha chini ya godoro.

Mwaka wa 2006 akanipigia simu.

"Niaje Wakonyo. Niko na role yako moja noma sana. Unakufa."

"Nakufa lini?"

"Mwanzo kabisa. Filamu yote ni matanga yako."

"Na nasema nini?"

"Husemi kitu. Si wewe ni maiti?"

Nilitaka kumkatia simu. Halafu nikauliza swali ambalo lilibadilisha maisha yangu.

"Gicheru, na hiyo maiti inavaa nini?"

"Gauni jeupe. Refu. Mikono mpaka hapa, kola mpaka shingoni, na shuka juu yake."

Nikajiambia, Wakonyo, hii ndiyo filamu babako anaweza kuona. Hakuna hata goti.

"Nimekubali," nikasema. "Na unipatie kopi moja ya kupeleka nyumbani."

Mahali pa kupigia filamu palikuwa Kamukuywa, kwa Mama Namarome, ambaye Gicheru aliwahi kumpigia video ya harusi ya binti yake. Boma kubwa, nyasi fupi, migomba nyuma. Jeneza tukakodisha kwa fundi mmoja wa Bungoma, mradi lirudi siku hiyo hiyo jioni bila mkwaruzo. Kwa hivyo ni kupiga mara moja, hakuna kurudia.

Sasa, kosa lilifanyika hapa. Gicheru alimtuma Kipketer akalichukue.

Kipketer alikuwa na pikapu nzuri, na kazi yake ya kila siku ilikuwa kubeba marehemu kutoka mochari. Aliambiwa kabisa kwamba jeneza ni tupu na ni la filamu. Lakini mtu akizoea kazi, mwili unajiendesha. Alilifunga vizuri, akaweka utepe mwekundu kwa kioo, akawasha taa mchana peupe, na akaanza kuendesha polepole kama anayebeba mayai.

Bungoma wakampisha. Webuye wakavua kofia. Kufika Kamukuywa, nyuma yake kulikuwa na magari, baiskeli za bodaboda zimebeba akina mama wawili wawili, na kwaya moja ambayo mpaka leo hakuna anayejua ilitoka kanisa gani.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini alifanya hivyo, aliniangalia akashangaa. "Lakini madam, jeneza si ni jeneza?"

Na lazima uelewe kitu kuhusu sisi watu wa huku. Matanga hayana mlinzi. Hakuna mtu anasimama kwa geti akiuliza nani amekufa, hiyo ni kukosa adabu. Unaingia ukilia. Unakaa. Unakula. Ukishashiba ndio unamwinamia jirani, polepole, "Kwani ni nani?"

Mimi nilikuwa ndani napakwa poda. Nikasikia nje kunavuma. Nikachungulia dirishani. Uwanja umejaa! Watu wamekuja na kuku, na kuni, na masufuria yao wenyewe.

"Gicheru, hawa ni nani?"

Gicheru alikuwa anang'aa uso. "Nilikuwa nimeomba watu kidogo wa kanisa. Sasa ona! Maextra wa bure, wa kujaza picha!"

"Wanajua ni filamu?"

"Wakonyo, ukiwaambia wataanza kuangalia kamera. Wacha walie vile wanajua."

Mama Namarome alikuwa mlangoni ameshika kichwa. "Na hawa wote nitawalisha na nini? Ati filamu! Mimi nimeona matanga nyingi, hii ni matanga."

Nikaingia kwa jeneza. Pamba puani, macho nimefunga, kifuniko cha juu wazi. Wakanibeba mpaka katikati ya uwanja.

Wacha nikuambie, ukitaka kujua vile watu wanakuona, lala kwa jeneza. Walipanga laini wakanipitia mmoja mmoja.

"Mrembo, haki. Kifo hakina macho."

"Lakini ona shingo. Hawa mamodo hawakuli. Labda ni njaa."

Mama mwingine alinilalia kabisa, machozi yake yakaingia kwa sikio langu. "Dada yangu! Umeenda bila kuniaga!" Sijawahi kumwona huyo mama maishani mwangu. Na alikuwa amekula kitunguu.

Nzi mmoja akakaa kwa pua. Nikamvumilia. Hiyo ni kazi, watu wanadhani uigizaji ni kuongea tu.

Halafu spika zikakohoa, na sauti nzito ikaanza. Alikuwa Wabwile. Huyu bwana alitaka udiwani. Uchaguzi ulikuwa bado mbali, lakini yeye hakuwa anakosa matanga. Jina la marehemu wa filamu, Nyambu, alilisoma kwa bango la Gicheru.

"Malehemu Nyambu mimi nirimjua vizuli," akasema. "Tumetoka na yeye mbari sana. Hata juzi alinipigia simu, akaniambia, Wabwile, usiache hawa watu yangu!"

"Ndio!" watu wakaitikia.

"Na kwa heshima yake, hapo kwa mto nitawajengea dalaja. Na nitaliita Dalaja ya Nyambu!"

Wakapiga makofi. Nikajiuma ulimi nisicheke. Tumbo lilikuwa linatetemeka chini ya shuka, nikaomba Mungu kamera isione.

Ndipo nikasikia kikohozi.

Kuna kikohozi kimoja tu kama hicho Trans-Nzoia nzima. Kinaanza kavu, kinasimama katikati, kinamalizia chini. Nimekisikia kanisani utoto wangu wote, kikimaanisha keti vizuri.

Kicheko kiliniisha hapo hapo.

Nikajiuliza, amejuaje? Ameambiwa nimekufa? Nani amempigia simu mzee wa watu na uwongo kama huu? Nikaona vile amefunga safari kutoka Tuwan akijua anaenda kuzika mtoto. Nilitaka kuinuka, nikaogopa. Sikuwa najua nitamwambia nini.

Kipaza sauti kikabadilisha mikono.

"Mimi naitwa Hiram Mbogo. Natoka Kitale. Huyu ni mtoto yangu."

Watu wakageuka kumwangalia.

"Mimi ni mtu ya kanisa. Watu wananiogopa. Hata huyu alikuwa ananiogopa, na mimi nikadhani hiyo ndio heshima. Alifanya kitu moja sikupenda. Nikanyamaza. Nikasema nitanyamaza kidogo. Halafu hiyo kidogo ikakuwa mingi, na nikashindwa kurudi."

Akakohoa.

"Akikuja nyumbani, mimi nilikuwa naenda kwa ng'ombe. Ng'ombe hata hazina maziwa. Nilikuwa nasimama huko nyuma ya ukuta nikimsikiza akicheka na mama yake. Nikisikia ameenda, narudi kwa nyumba. Halafu nakaa kwa kiti ile alikuwa amekalia, kwa sababu bado iko na joto."

Hapo nililia. Sikutaka, lakini kuna vitu mtu hazuii. Machozi yakatoka chini ya kope, yakachora mifereji kwa ile poda.

"Wakonyo," baba akasema. "Nisamehe."

Hakuna mtu aliyeuliza Wakonyo ni nani. Uwanja mzima ulikuwa unapangusa pua.

Isipokuwa mama mmoja aliyekuwa karibu na jeneza akinifukuzia nzi. Nikasikia leso yake imesimama hewani.

"Yesu wangu! Maiti inalia!"

Nikasema liwe liwalo. Nikaketi wima, pamba zikaruka puani.

"Baba!"

Ndugu yangu, wewe hujaona mbio. Kwaya ilipita kwa ua la miti bila kutafuta geti. Masufuria yakalala. Kipketer, ambaye amebeba maiti miaka yote, aliruka kwa pikapu akaendesha kwa kasi ambayo hakuwahi kuijua. Wabwile alikuwa amemnyang'anya mtu kipaza sauti cha pili, akatoroka nacho mkononi. Waya ukamfikisha mwisho, ukamrudisha. Akaanguka kwa magoti, na spika zote zikatangaza maombi yake mpaka sokoni.

"Mungu wangu nisamehe! Hiyo ya dalaja nirikuwa nadanganya!"

Kamukuywa nzima ikasikia. Akaachilia kipaza sauti, akapotelea kwa migomba.

Nikapangusa macho. Uwanjani walibaki watu watatu. Gicheru nyuma ya kamera, hajaiacha. Mimi kwa jeneza.

Na baba. Hakuwa amesonga hata hatua. Hakushtuka. Alinitazama moja kwa moja usoni, mara ya kwanza tangu ile kalenda, na akaniongelesha kwa sauti ya chini.

"Lala chini, wewe. Sijamaliza. Na kamera bado inaenda."

Sikuelewa kitu. Lakini baba akisema lala, kwetu unalala. Nimefanya kazi na waelekezaji wengi tangu siku hiyo, na hakuna mmoja aliyenielekeza haraka hivyo.

Akavuta pumzi, akaendelea mbele ya viti vitupu.

"Kama ungekuwa unaweza kuamka, ningekuambia ukuje nyumbani Jumapili. Mama yako atapika. Na mimi siendi mahali."

Halafu akaweka kipaza sauti chini, akamgeukia Gicheru. "Umepata?"

"Nimepata, Mzee."

Watu walirudi mmoja mmoja, kwa sababu chakula kilikuwa kimeiva na woga hauzuii harufu. Wazee wa hapo walikasirika sana, wakatusomea. Wakasema mtu akishaliliwa, akaombewa, akapangiwa laini, hawezi kuamka hivi hivi akaenda zake Kitale. Lazima ardhi ipewe kitu, la sivyo itadai. Wakakata shina la mgomba, wakalizika kwa heshima zote nyuma ya boma la Mama Namarome. Nikasimama pembeni ya kaburi langu nikila mguu wa kuku.

Wabwile pia alirudi, amejaa vumbi, akamvuta Gicheru kando. Alitaka ile sehemu ya maombi ikatwe.

"Na ile ya dalaja," akaongeza, "hiyo acha. Hiyo niritoka vizuli."

Baba nilimpata ameketi kwa jiwe nyuma ya nyumba, na sahani ya ugali. Nikaketi karibu. Hakukumbuka ng'ombe.

"Baba, nani alikuambia nimekufa?"

"Hakuna."

"Sasa ulikuja kufanya nini?"

Akatafuna kwanza. "Mama yako aliniambia unaenda kulala kwa sanduku ati ni kazi. Nikakosa usingizi. Nikajiuliza, na kama ingekuwa ni ya ukweli? Asubuhi nikaenda kwa huyo kijana wa video. Nikamwambia, hiyo matanga yako inataka baba ya marehemu. Nipatie hiyo kazi."

"Ulikuja kuigiza?"

"Wewe ulidhani hiyo kitu uliitoa wapi? Kwa mama yako?"

Nilicheka mpaka nikalia tena. "Lakini si ungeniita tu nyumbani, baba, uniambie?"

Akaangalia sahani. "Mtoto, mzee kama mimi anaanzia wapi? Jikoni, mama yako akisikiza? Angenicheka mpaka Krismasi. Lakini kwa matanga, mwanaume anaruhusiwa kulia. Hakuna mtu anauliza."

Halafu nikamuuliza lile swali nililokuwa naliogopa.

"Sasa baba, yale yote ulisema. Ya ng'ombe. Ya kiti. Ulikuwa unasema ama ulikuwa unaigiza?"

Akainuka, akajipangusa mikono kwa suruali.

"Hiyo uliza Gicheru," akasema. "Yeye ndiye mwenye stori."

Ile VCD iliuzwa kuliko soksi. Gicheru alibadilisha filamu yote, marehemu akawa anaamka kweli, na watu wa Bungoma walikuwa wanairudisha nyuma kuona Wabwile akivutwa na waya. Kwa sababu ya machozi ya maiti nikaitwa Nairobi, nikapewa kipindi cha runinga, na hapo ndipo nilipoacha umodo wa kupanda jukwaani na kuzunguka. Nikawa mwigizaji. Baba naye akawa maarufu kunishinda. Akienda sokoni Kitale, akina mama wanamwita Baba Marehemu, na yeye anaitikia. Wabwile alishindwa uchaguzi.

Siku tuliyoenda kuangalia hiyo filamu kwa ukumbi mmoja wa video hapa mjini, baba aliketi mbele kabisa na koti lake la kanisa. Mimi nilikuwa nyuma na Gicheru. Baba wa kwa skrini akafika kwa ile sehemu ya kiti chenye joto.

Nikamwinamia Gicheru. "Aisee, hapo uliandika. Hayo maneno uliyatoa wapi?"

Gicheru akanigeukia, akashangaa.

"Mimi? Mimi nilimwandikia mstari mmoja tu, 'Kwaheri, binti yangu.' Akakataa kuusema."

Nilimwangalia babangu kule mbele. Alikuwa ameinamisha kichwa, anapangusa macho na mkono wa koti, akidhani kuna giza la kutosha.

Kwa hivyo wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu umemnyamazia na sasa hujui pa kuanzia, anzia popote. Ukiona aibu, tuma mtoto amwite. Ukiona aibu sana, jifanye unaigiza. Yeye atajua, nakuambia. Bora tu awe anakusikia.

Mimi naishia hapo. Leo ni Jumapili, na mama ameshapakua.